Gari linamisi mlimani: ni moto, ni mafuta, au ekzosi imeziba?

Ruaha Mbuyuni gari lilikuwa zima kabisa. Tulisimama, tukanunua gunia la vitunguu, tukalibana kwenye buti pamoja na mabegi, watu wanne tukarudi ndani na kuendelea na safari ya Iringa. Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, ile ya silinda nne na cc 1,500 ambayo mafundi wengi wa nchi hii wanaweza kuifungua wakiwa wamefumba macho. Kona za kwanza za mlima Kitonga nikakanyaga mafuta, gari likaanza kumisi, yaani kushtuka. Halikuzima, lilishtuka tu, kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma kila akitaka kupiga hatua. Nikilegeza mguu linatulia kana kwamba halikufanya kitu. Nikikanyaga, linaanza upya. Taa ya injini haikuwaka hata mara moja. Tulipanda kwa gia ya chini huku lori la kontena likitupigia honi kwa nyuma, na kupigiwa honi na lori la kontena Kitonga ni aibu ya aina yake.

Fundi wa kwanza tuliyempata mjini alinisikiliza kwa nusu dakika. "Bosi, hii pampu hii. Tambarare mafuta yanatosha, ikipanda yanakata." Maneno yaliingia akilini, nikatoa hela, pampu ikafungwa. Kesho yake nikashuka Ipogolo, na wakati wa kurudi mjini, kwenye kile kipando, gari likashtuka vilevile. Ubovu ulikuwa koili moja, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche, na plagi iliyo chini yake.

Simlaumu sana fundi yule. Ukiwa kwenye usukani, moto dhaifu na mafuta machache vinafanana mno, na ekzosi iliyoziba huja kuzidisha utata. Lakini havifanani kabisa. Hapa nimeviweka ubavu kwa ubavu, pamoja na njia za kuvipima, ili ujue kipi kianze kupimwa kabla pochi haijafunguliwa. Nazungumzia gari la petroli lenye koili juu ya kila plagi. Dizeli ina habari zake.

Kwa nini mlimani na si kwenye foleni

Ukiwa kwenye foleni, injini ikiunguruma tu, kile kilango cha hewa tunachokiita throto kimefungwa karibu chote. Hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo, haibanwi sana, cheche inaruka bila shida. Mafuta yanayotakiwa ni kiduchu. Moshi unaotoka nao ni kidogo, hata bomba lililoziba nusu unapita. Kitu kibovu kinaweza kujificha hapo miezi.

Sasa kanyaga. Throto inafunguka, silinda inajaa, na cheche inatakiwa kuruka ndani ya hewa iliyobanwa kwelikweli. Kadiri hewa inavyobanwa ndivyo umeme unavyohitaji volti nyingi zaidi kuvuka nafasi ileile ya plagi. Koili iliyochoka, au plagi ambayo nafasi yake imelika na kupanuka, inafikia mahali haiwezi. Umeme hautulii, unatafuta njia rahisi: unatoboa mpira wa koili, unateleza nje ya kaure ya plagi, unaishia kwenye chuma cha injini. Silinda hiyo imekosa moto. Wakati huohuo nozeli, zile zinazopuliza petroli, zinafunguka kwa muda mrefu zaidi, na pampu inatakiwa kushikilia presha ileile huku mafuta yakitumika mara kadhaa ya yale ya kwenye foleni. Na ekzosi inatakiwa kuutoa moshi wote huo. Mlima mmoja unawapima watuhumiwa watatu kwa mpigo. Ndiyo maana "ikipanda inakata, basi ni pampu" ni jibu moja kati ya matatu.

Kabla ya yote, ondoa kwanza yasiyo ubovu wa injini. Kama rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) zinapanda lakini mwendo hauongezeki, klachi au gia boksi inateleza, hiyo ni kazi nyingine. Na kama umetoka Dar ukafika Mbeya au Njombe na gari limekuwa zito tu bila kushtuka, kumbuka kwamba kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa inapungua kwa takriban asilimia 10. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi. Injini isiyo na tabo haiwezi kuwa na nguvu za Kigamboni ikiwa kule.

Ubavu kwa ubavu

| | Moto (koili, plagi) | Mafuta (pampu, filta, nozeli) | Ekzosi (masega, pipa la kusafisha moshi) |
|---|---|---|---|
| Linavyokata | Ghafla, kwa kuruka: tuk, tuk-tuk | Polepole, linafifia kama linaloishiwa pumzi | Linabanwa, halivuki mizunguko fulani |
| Ukilegeza mguu | Linapona papo hapo | Linachukua sekunde chache, kisha linavuta tena kidogo | Linabaki zito |
| Likiwa limesimama | Safi, au linatetemeka kidogo | Safi | Safi mwanzoni, ila pumzi ya bomba la nyuma ni dhaifu |
| Harufu na joto | Petroli mbichi kwenye moshi | Kawaida | Joto kali chini ya sakafu |
| Hali inayozidisha | Mvua, ukungu, kuosha injini | Tangi kuwa karibu na kuisha, joto la mchana | Safari ndefu ya mwendo kasi |
| Gharama ya kuhakikisha | Karibu bure | Geji na fundi mwenye subira | Geji, au kufungua sensa moja |

Mstari ninaouamini kuliko yote ni wa kwanza. Moto unaruka, mafuta yanafifia. Cheche ama ipo ama haipo, kwa hiyo nguvu za silinda moja zinapotea na kurudi ndani ya sekunde ileile. Pampu haifanyi hivyo. Presha inashuka kidogo kidogo, injini nzima inadhoofika pamoja, silinda zote nne. Ukizima redio na kufungua dirisha kwenye kilima utaisikia tofauti.

Kuna vighairi viwili. Nozeli moja iliyoziba inanyima mafuta silinda moja tu, na mdundo wake unafanana na wa koili mbovu. Na petroli yenye maji inashtua gari ovyo, hata tambarare. Vighairi hivi nitavirudia.

Moto: anza hapa

Naanza na moto si kwa sababu ndiyo chanzo kila mara, bali kwa sababu kuuhakikisha hakuhitaji kununua kitu. Spana namba 10 inafungua bolti ya koili, soketi ya plagi ya milimita 16 inatoa plagi. Injini iwe imepoa. Robo saa inatosha.

Nilipochomoa plagi ya silinda ya tatu nilidhani ni safi. Ncha yake ilikuwa na rangi ya kahawia ya kawaida. Nikaizungusha juani, ndipo nikaona kwenye kaure nyeupe mstari mweusi mwembamba, kama mtu amepitisha penseli kutoka juu hadi kwenye chuma. Nikautelezesha ukucha, haukufutika. Huo ndio mwendo wa umeme, umepita nje ya kaure badala ya kushuka kwenye ncha, na kila ulipopita uliacha masizi yanayourahisishia kupita tena. Nikageuza mpira wa koili ndani nje: mstari pacha, mahali palepale. Ukiona hivyo, kubadili plagi pekee hakusaidii, mpira wenye mstari utaichoma plagi mpya. Na kubadili koili pekee nako hakusaidii, kwa sababu ileile.

Angalia pia shimo la plagi lenyewe. Kuwa na oili ndani kunaonyesha kwamba sili au gasketi ya tapeti kava imechoka, na mpira wa koili unaolowa oili hulegea na kuvujisha umeme. Maji mara nyingi yanatoka kwa vijana wa kuosha magari. Gari lililoanza kumisi siku moja baada ya kuoshwa injini kwa mashine ya presha halihitaji mganga. Toa koili, kausha mashimo kwa hewa au kitambaa, zirudishe.

Kama macho hayaoni kitu, hamisha. Koili ya silinda ya kwanza ipeleke ya tatu, ya tatu ilete ya kwanza, urudi kilimani. Misi ikihama pamoja na koili, umempata. Isipohama, hamisha plagi. Isipohama tena, silinda hiyo inahitaji kuangaliwa nozeli yake, halafu mgandamizo wake. Kujua ni silinda ipi, injini ikiunguruma chomoa soketi ya nozeli moja moja. Silinda nzima ukiinyima mafuta mlio unabadilika na injini inatetemeka, silinda mbovu ukiinyima hakuna kinachobadilika. Ugumu ni kwamba gari la kumisi mlimani tu linaweza kutokuonyesha chochote likiwa limesimama, ndiyo maana mimi naiamini zaidi njia ya kuhamisha. Usichomoe koili kutoka kwenye plagi wakati injini inafanya kazi. Umeme usio na pa kwenda utarudi kuiua koili yenyewe, au utakutafuta wewe.

Kipimo cha mita ya umeme ndicho ninachokikataa hapa. Koili za waya nne kama za 1NZ zina saketi ndani yake, na kupima omu zake hakukwambii kama insulesheni inavuja volti zikipanda. Fundi akigusa mita na kusema "koili zote nzima", amepima kitu kingine.

Ukishajua ni koili, kuna uamuzi wa dukani. Moja au zote nne? Ninabadili iliyokufa tu, lakini plagi nabadili zote. Plagi za iridiamu zinakwenda karibu kilomita 100,000, za kawaida 20,000 hadi 30,000, na nyingi zinazotoka kwenye magari yetu zimepita umri huo zamani. Nafasi ya plagi kwa 1NZ ni milimita 1.1. Nimetoa zilizofika 1.4, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiua koili taratibu. Kuhusu koili mpya ya bei ya kutupa yenye boksi zuri, dhidi ya koili ya mtumba iliyotolewa kwenye injini ya Japani: nachukua ya mtumba. Feki zimejaa, na inapokufa inakufa mlimani.

Mafuta: usipime likiwa limesimama

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Pampu ni rahisi kuituhumu kwa sababu imefichwa kwenye tangi na hakuna anayeiona. Ilhali kipimo chake ni kimoja na kinaeleweka: presha. Kwa 1NZ inatakiwa kuwa kati ya kPa 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50. Na muhimu kuliko namba yenyewe, inatakiwa ibaki hapo unapokanyaga. Pampu iliyochoka itasoma 46 gari likiwa limesimama, fundi atasema nzima, halafu mlimani inashuka hadi 30. Geji isomwe kwenye mzigo, au isisomwe kabisa.

Shida ni kwamba injini hii haina nipeli ya kupimia kwenye reli ya nozeli, inabidi kukata njia kwa kiungo cha tii. Presha itolewe kwanza, kizimamoto kiwe karibu, na mpira wa geji usiingizwe ndani ya gari hata siku moja. Kwa gari la otomatiki, mafundi wengine hukanyaga breki, wanaweka D na kukanyaga mafuta ili kupata mzigo bila kuondoka. Inafaa, ila isizidi sekunde 5, la sivyo unapika oili ya gia boksi.

Presha ikiwa ndogo, bado usiinunue pampu. Pima umeme unaoifikia wakati inafanya kazi. Soketi iliyoshika kutu juu ya tangi, au waya wa athi uliolegea, unaweza kuila volti moja au mbili, na pampu nzima ikapewa nguvu za nusu. Halafu filta, ambayo kwenye IST iko ndani ya tangi pamoja na pampu na watu huisahau. Pampu yangu ya zamani, ile iliyotolewa Iringa, niliifunga tena baadaye nikaipima: 47, na mlimani 46. Mpya niliyoitoa nimeiweka kabatini.

Wanaoua pampu ni sisi wenyewe tunaotembea na taa ya mafuta ikiwaka wiki nzima. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka, tangi likikaa tupu inafanya kazi ikiwa ya moto. Kama gari linafifia mchana wa jua kali tangi likiwa robo, na asubuhi tangi likiwa limejaa halifanyi hivyo, hapo hata mimi ningeanza na mafuta.

Petroli yenyewe nayo ipimwe kabla ya vyuma. Toa kidogo kwenye chupa angavu isiyo na rangi, iache nusu saa. Maji hutulia chini na mstari unaonekana. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo, yamechanganyika, ila hugongesha injini ikibeba mzigo na moshi hubadilika. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 kwa ajili ya mchezo huo wa kuchanganya, na umepungua, lakini ukijaza mahali usipopajua na gari likabadilika kilomita kumi mbele, unajua pa kuanzia.

Kitu kingine kinachojifanya pampu ni sensa ya hewa, ile iliyo baada ya filta ya hewa. Ikishika vumbi inahesabu hewa pungufu, kompyuta inatoa mafuta pungufu, na pungufu hilo linaonekana zaidi ukikanyaga. Kuisafisha ni dawa yake maalumu ya kupuliza na dakika kumi za kukauka. Si petroli, si dawa ya kabureta, na usiiguse kwa kidole.

Ekzosi: mara nyingi ni mwathirika

Masega ni lile pipa kwenye ekzosi lenye vitundu vidogo kama vya nyuki. Hayazibi yenyewe. Silinda inayomisi inarusha petroli mbichi na hewa hadi humo, vinaungua ndani, joto linapanda hadi kaure inayeyuka na kufunga njia. Ndiyo maana kwenye magari yanayohesabu misi taa ya injini hupepesa badala ya kuwaka tu: inakwambia masega yanachomeka sasa hivi, toa mguu. Ukikuta masega yameziba, tafuta aliyeyaziba, vinginevyo utabadilisha mara ya pili.

Kipimo ni geji ya vakyumu, inayopima injini inavyonyonya hewa, kwenye bomba la hewa baada ya throto. Usawa wa bahari injini nzima inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Punguza inchi moja kwa kila mita 300 ulizopanda, Iringa utaona 12 hadi 16 na hakuna ubovu. Shikilia mizunguko 2,500 kwa nusu dakika. Sindano ikirudi ilipokuwa na kutulia, njia iko wazi. Ikiendelea kushuka taratibu, moshi unarudi nyuma. Asiye na geji hufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kuendesha mita mia mbili: kelele zitakuwa za aibu, lakini nguvu zikirudi jibu umelipata. Usiende mbali hivyo, moshi unaotoka pale una moto.

Wengi suluhisho lao ni kuyapiga nondo masega yakatoka. Gari linapata pumzi, ni kweli, na mwenye gereji anabaki na kaure yenye platinamu, paladiamu na rodiamu ambayo anajua wa kumuuzia. Kama umeamua kuyatoa, angalau yadai yako.

Ukiwa na gesi, una kipimo cha bure

IST nyingi za teksi Dar sasa zinatembelea gesi asilia, na hizi zina faida ambayo wenyewe hawaitumii: swichi. Moto ni uleule, ekzosi ni ileile, kinachobadilika ni mafuta tu. Panda kilima kwa petroli, rudia kwa gesi. Likimisi kwenye petroli na kuwa safi kwenye gesi, upande wa petroli ndio mbovu, na moto umeshajisafisha. Likimisi kwenye zote mbili, achana na pampu. Likimisi kwenye gesi peke yake hapo kuna mtego: gesi asilia inahitaji volti nyingi zaidi kuwashwa, kwa hiyo koili iliyoanza kuchoka hujionyesha kwenye gesi miezi kadhaa kabla ya petroli. Badili plagi kwanza, na waliofunga mitungi wengi huziweka nafasi ndogo zaidi, milimita 0.7 au 0.8, kisha ndipo umlaumu aliyefunga. Uzito tu bila misi usikutishe. Gesi inachukua nafasi ya hewa kwenye silinda, na asilimia 10 au zaidi kidogo ya nguvu hupotea hata mfumo ukiwa mzima.

Kompyuta, mikono au geji?

"Tupime kwa kompyuta" ndilo neno la kwanza siku hizi, na kwa baadhi ya magari ni sahihi. Gari la soko la Marekani la kuanzia 1996 au la petroli la Ulaya la kuanzia 2001 litakuambia P0302, yaani silinda ya pili inamisi, na kazi imekwisha nusu. Hamisha koili ya pili, futa, endesha, soma tena. Hapo kompyuta inashinda kila kitu.

Lakini mengi tunayoendesha yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Baadhi ya yale ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayasikilizani na vile vifaa vidogo vya bluetooth, na si yote yanayohesabu misi. Koili ya 1NZ inairudishia kompyuta taarifa kwamba imefyatua. Cheche imekwenda kwenye ncha au imepita nje ya kaure, kompyuta haina habari. Ndiyo sababu taa yangu ilikaa kimya Kitonga nzima. Kwa gari la namna hii, mikono na soketi ya 16 vinaishinda mashine.

Na hata inapoongea, inaweza kukupeleka siko. Silinda isiyowaka inatoa hewa yake bila kutumika, sensa ya oksijeni inaiona oksijeni hiyo na kuripoti kwamba mafuta ni machache. Unasoma P0171, unanunua pampu, kumbe ni plagi. Ukipata P0171 pamoja na misi, malizana na moto kwanza. Ukipata P0171 peke yake, soma asilimia za marekebisho ya mafuta: zikiwa kubwa gari likiwa limesimama na kushuka unapokanyaga, kuna hewa inaingia kwa wizi kwenye mpira uliopasuka. Zikiwa sawa likiwa limesimama na kupanda sana kilimani, ni pampu, filta, au ile sensa ya hewa.

Geji ni ya tatu kwa bei na ya kwanza kwa ukweli, kwa upande wa mafuta na ekzosi. Fundi asiye nayo anayekwambia pampu imekufa anakisia, na akikosea pampu analipa mwenye gari.

Kama una siku moja na hela kidogo, ningekwenda hivi: plagi na koili kwa macho, kuhamisha, kilima, chupa ya petroli, kusafisha sensa ya hewa, ndipo geji ya mafuta, mwisho vakyumu. Kama una gesi, anza na swichi. Kama gari linanuka petroli mbichi na sakafu ina joto kali, usilipandishe mlima mwingine hata kwa majaribio.

Vyote vikipita na silinda moja bado imelala, kinachobaki ni mgandamizo. Toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata, soma kila silinda. Kwa 1NZ chini ya psi 156 ni kuchoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Iliyo chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Ikibaki palepale, ni valvu au gasketi ya silinda hedi, na hapo kweli hedi inashuka.